Avicii: Alikuwa na Kila Kitu, Akakosa Somo



Leo hatuzungumzi mashela wala piko. Leo tunazungumza kazi, na tunamzungumzia kijana wa Kizungu aliyekuwa prodyuza wa muziki wa disko, ule wa kielektroniki unaotengenezwa kwa kompyuta. Mtatuuliza anatuhusu nini. Anatuhusu, kwa sababu kila asubuhi tukifungua simu kuna mtu anatupigia kelele: usilale, pambana, ukilala mwenzio anakupita. Maneno hayo yamejaa kwenye magrupu yetu ya wanawake wajasiriamali, na wengine wanayapamba kwa aya ili yakubalike. Tumechoka nayo. Leo tunayajibu, na maisha ya kijana huyu ndiyo jibu letu.

Jina lake Tim Bergling, mzaliwa wa Stockholm, Sweden, tarehe 8 Septemba 1989. Dunia ilimjua kwa jina la Avicii. Alifariki tarehe 20 Aprili 2018, akiwa na miaka 28 tu. Na alifia wapi? Maskati. Maskati hii hii ambako nyumba nyingi za hapa kisiwani zina mjomba, shangazi au mtoto wa ami, na ambako sisi wa biashara ya nguo tunaagizia udi na majora ya vitambaa. Alikuwa Oman kwa mapumziko. Polisi wa huko walisema hawakuona dalili ya jinai. Siku chache baadaye familia yake ikatoa barua, na kila aliyeisoma alifahamu kuwa mtoto wao alikuwa ameshindwa kuendelea. Namna alivyokufa hatutaisimulia, si mambo ya kusimuliwa. Tunazungumza alivyoishi.

Kwanza tuondoshe maneno matatu yanayosemwa kila anapotajwa.

La kwanza: alikuwa tajiri, alikosa nini? Ni kweli alikuwa nazo. Jarida la Forbes, katika orodha yake ya 2014, lilikadiria kwamba aliingiza dola milioni 28 kwa mwaka mmoja. Na hakuwa bahili, mwaka 2012 alifanya ziara nzima ya kuchangia wenye njaa Marekani, na dola milioni 1 zikaenda kwa shirika la Feeding America. Lakini nani kati yetu hajaingia nyumba yenye marumaru na kiyoyozi kila chumba, akamkuta mwenye nyumba analia chooni ili watoto wasimsikie? Swali la "alikosa nini" linaulizwa na mtu asiyetaka kusikia jibu.

La pili: jina. Avīci ni jina la tabaka la chini kabisa la moto katika imani ya Kibudha, kwa hiyo watu wanasema alijiitia balaa. Jamani! Alikuwa kijana anayetafuta jina la kuweka kwenye MySpace. Akaambiwa neno hilo, likampendeza, akakuta limeshachukuliwa, akaongeza herufi ya "i" mwishoni. Ndiyo hadithi nzima. Msimwache mgonjwa mkahangaika na jina lake.

La tatu: muziki ndio uliomuua. Hukumu ya muziki tunawaachia masheikh, sisi ni mafundi cherehani. Lakini tunajua kutofautisha kitambaa na mshono. Muziki ulikuwa kitambaa. Kilichoachia kilikuwa mshono, yaani namna kazi ile ilivyoendeshwa. Na mshono mbaya kama ule unaweza kuwekwa kwenye kazi yoyote, hata iliyo halali tupu. Ndiyo maana tunataka muutazame.

Tazameni kazi yenyewe ilivyo. Alianza chumbani kwake, kijana wa shule, na kompyuta na programu inayoitwa FL Studio. Kazi ya prodyuza wa aina ile haiko mbali na kazi yetu. Unakaa peke yako. Unaanza na kipande kidogo, noti chache za kinanda, unazipanga kwenye kioo moja moja kwa mausi. Unaweka ngoma chini yake, unaweka besi. Unasikiliza, unafumua, unarudia. Anayesikia dakika tatu za wimbo haoni siku zilizoingia humo, kama vile mgeni wa harusini asivyoona shanga zilizotiwa kwa mkono moja moja kwenye kifua cha shela.

Na alikuwa fundi kweli kweli. Wimbo wake wa Levels wa mwaka 2011 alichukua kipande cha sauti ya Etta James, mwimbaji wa Marekani, kutoka wimbo wa 1962, akakishonea kwenye midundo mipya, na vijana ambao hata wazazi wao walikuwa wadogo wimbo ule ulipotoka wakaupenda. Mwaka 2013, kwenye tamasha la Ultra huko Miami, alipanda na wapiga magitaa na waimbaji, muziki wa kantri, mbele ya watu waliokuja kuruka disko. Wengi walishangaa, wengine wakamkejeli. Miezi michache baadaye Wake Me Up, wimbo ulioimbwa na Aloe Blacc, ulishika nafasi ya kwanza katika nchi nyingi. Alikuwa amewaona wateja wanachokitaka kabla wao wenyewe hawajajua.

Sasa sikilizeni mkasa ulipoanzia. Katika biashara ile pesa kubwa haiko kwenye wimbo, iko kwenye shoo. Wimbo ukishapendwa, mtengenezaji anapandishwa jukwaani kama dijei mbele ya maelfu ya watu, usiku, mji huu leo, nchi nyingine kesho. Yaani, dada zetu, fundi aliyezoea kukaa chumba cha uani na cherehani yake anatolewa nje, anavikwa yeye shela, anakalishwa kwenye kiti cha bibi harusi ili atazamwe. Na si usiku mmoja. Katika miaka minane hivi alifanya shoo zaidi ya 800.

Mabibi harusi mnajua, na mliokwisha olewa mnakumbuka, usiku mmoja wa kutazamwa unavyochosha. Taa usoni, simu za watu, tabasamu mpaka mashavu yanauma, na haja ndogo imekubana huwezi kusema. Siku ya pili mtu analala kutwa. Sasa mfikirie anayekaa hivyo zaidi ya mara mia nane, na siku ya pili yuko kwenye ndege.

Khasa yeye, ambaye hakuwa mtu wa kutazamwa. Mwenyewe alieleza kwamba alikuwa mtu mkimya, mwenye haya, na kabla ya kupanda jukwaani alishikwa na wasiwasi. Akaona akinywa pombe kidogo wasiwasi unapungua. Kidogo ikawa kila siku, kwa sababu ukumbi ulikuwa kila siku, na kwenye kumbi zile pombe haina wa kumzuia. Hukumu ya pombe tunaijua na tunajua inavyomla mtu. Tunachotaka mkione ni kwamba kwake ilianza kama chombo cha kazi. Ndiyo iliyomfikisha jukwaani. Kwa hiyo kila aliyetaka apande jukwaani alikuwa na sababu ya kutouliza maswali.

Mapema 2012, akiwa na miaka 22, alilazwa New York kwa kuvimba kongosho. Mwaka 2014 akalazwa tena, akatolewa mfuko wa nyongo na kidole tumbo, shoo zikafutwa. Maumivu yakaleta dawa kali za maumivu, na dawa zikaja na mtihani wake. Albamu yake ya kwanza, True, ilitoka 2013. Ya pili, Stories, ilitoka 2015. Kati ya hizo mbili kuna kitanda cha hospitali.

Na watu wa pembeni yake? Mwaka 2017 ilitoka filamu ya maisha yake, Avicii: True Stories, iliyotengenezwa na Levan Tsikurishvili. Atakayeitazama aitazame kwa jicho la biashara. Mle ndani mwenyewe anasikika akisema kwamba ameshawaambia hawezi tena, ameshawaambia kazi hii itamuua. Na bado tarehe zinaendelea kupangwa.

Hatusemi walikuwa watu wabaya. Tunasema hesabu ilikuwa mbaya. Mameneja, mawakala, wenye kumbi, wenye matamasha, watu wa taa, watu wa spika: mkate wa wote hao ulitoka pale yeye anapopanda jukwaani. Anayekula kwa wewe kusimama si mtu wa kumtegemea akuambie kaa. Hata kama anakupenda. Atakuonea huruma kwa dhati kabisa, atakuletea maji na dawa, halafu atakuomba umalizie hii moja tu kwa sababu watu wameshalipa.

Wazee wetu walilijua hili zamani. Bibi harusi hakuachwa mikononi mwa wageni. Alipewa somo. Tunayemsema hapa ni somo yule wa ndani, ambaye wengine wanamwita kungwi, si mwalimu wa darasani. Anamsinga mwari wake, anamlisha, anamfunda, anamlaza. Mashangazi wakijazana mlangoni na simu zao wanataka picha, yeye ndiye anayesema: basi jamani, mwacheni mtoto, amechoka. Na wanamsikiliza, hata awe shangazi mkubwa namna gani.

Kwa nini ana nguvu hiyo? Kwa sababu hakuletwa na wageni. Amewekwa na upande wa mwari, na kazi yake ni mwari peke yake. Wageni wawe ishirini au elfu mbili, yeye hapati zaidi wala hapati pungufu. Harusi ikiahirishwa wiki moja kwa sababu mwari anaumwa, somo hana hasara. Mwenye ukumbi anayo, mpambaji anayo, mpiga picha anayo. Somo hana, ndiyo maana akisema "amechoka" anasema kweli.

Avicii alizungukwa na kila mtu isipokuwa huyo. Wazazi walimpenda, marafiki walimpenda, lakini wao walikuwa nje ya kazi, na yeye alikuwa angani baina ya mji na mji. Ndani ya kazi hakukuwa na mtu mwenye sauti ya kufunga mlango.

Mwishowe akaufunga mwenyewe. Machi 2016 aliwaandikia mashabiki barua kwamba anaacha shoo, na tarehe 28 Agosti 2016, huko Ibiza, Hispania, akafanya ya mwisho. Alikuwa bado hajatimiza miaka 27. Hebu fikirieni msichana wa hapa kwetu, duka limechanganya, oda zimejaa, anaandika kwamba anapunguza kazi kwa sababu amechoka. Si ataambiwa hana shukrani? Si ataambiwa anaikimbia riziki?

Sasa kuna watakaotukamata hapa. Watasema: mbona aliacha, na bado akafariki? Hoja hii ni nzito na hatutaipita kando. Yaliyokuwa moyoni mwake anayajua Mwenyezi Mungu, na maradhi ya moyo yana mizizi mingi, si kazi peke yake. Lakini kitambaa kilichovutwa miaka minane hakirudi kuwa jora jipya kwa sababu umekiacha kupumua miezi ishirini. Alipumzika akiwa ameshalazwa zaidi ya mara moja, ameshakatwa, ameshazoea vitu vya kumtuliza. Barua ya 2016 ingeandikwa 2012, alipolazwa New York na miaka 22, pengine leo tungekuwa tunazungumza mengine. Hakuna anayeweza kuapa. Ila hakuna anayeweza kutuambia kwamba kuchelewa hakukuwa na gharama.

Na wa pili watasema: asingejituma asingejulikana, na nyinyi mnawafundisha wasichana uvivu. Hapana. Kijana huyu hakuwa mvivu hata siku moja. Baada ya kuacha shoo aliendelea kutengeneza nyimbo. Agosti 2017 alitoa Avīci (01), na alipofariki aliacha nyimbo ambazo wenzake walizimalizia, zikatoka mwaka 2019 kwenye albamu iitwayo TIM. Aliendelea kushona mpaka mwisho. Alichokataa ni kuvikwa shela kila usiku. Hizo ni kazi mbili, na wanaotupigia kelele za "pambana" wanazichanganya makusudi, kwa sababu wao wanauza semina.

Tuje kwetu. Nusu ya pili ya Ramadhani na mwezi mzima wa Mfunguo Mosi tunajuana. Fundi anashona mpaka adhana ya alfajiri, miguu imevimba kama mikate, anakunywa enaji juu ya enaji. Mchora hina anainama mpaka mgongo haunyooki. Mpambaji ana mabibi harusi watatu siku moja na mtoto mchanga nyumbani. Na siku hizi kuna dada zetu wanaouza baibui kwa kwenda live kila usiku, wanacheka mbele ya simu saa tatu nzima, wakizima wanashindwa hata kusema na waume zao. Hao nao wamevikwa shela. Na wanaowazunguka ni nani? Msambazaji anayetaka oda, dada wa duka anayetaka kamisheni, mume mwenye mkopo wa kulipa, wateja wanaoandika "usituangushe". Wote wanawapenda. Wote wanakula kwa wao kusimama.

Kwa hiyo haya ndiyo tunayoyasema, na atakayekasirika akasirike.

Kila mwanamke mwenye biashara awe na somo wa kazi. Awe mmoja, awe na jina, na asiwe na senti moja ndani ya biashara hiyo. Dada, rafiki wa madrasa, jirani mtu mzima. Mpe ruhusa mapema, ukiwa mzima, kwamba siku akikuambia "funga", utafunga. Usingoje mpaka uchoke ndipo umtafute, maana aliyechoka hana tena jicho la kujiona.

Bibi harusi, fundi akikuambia nafasi zimejaa, mwamini. Usimwongeze pesa ili ashone usiku. Pesa ile unanunua usingizi wa mtu, na utaivaa. Peleka kitambaa mapema au chagua mshono mwepesi. Na wewe mwenyewe, harusi yako isiwe na shughuli saba kwa sababu ya picha. Mwenye kusema basi awe somo wako, asiwe mpiga picha.

Na mtu akikwambia amechoka na maisha, usimjibu "swali tu, utakaa sawa" kisha ukaendelea na simu. Sala ni nguzo, hatuibishani. Lakini kumbukeni kisa cha Abu Dardaa (r.a.), aliyekuwa akifunga mchana na kusimama usiku mpaka akausahau mwili wake na mkewe. Aliyelisema ni mwanamke, Ummu Dardaa. Salman (r.a.) alikuja nyumbani, akaiona hali yake, akamuuliza, naye akamwambia. Salman hakutoa hotuba akaondoka. Alikaa, akamlazimisha mwenzake ale, akamlazimisha alale, akamwambia kwamba mwili wake nao una haki juu yake. Abu Dardaa alipokwenda kwa Mtume (s.a.w.), Mtume akasema Salman amesema kweli. Ikiwa ibada yenyewe iliwekewa mpaka, itakuwa oda za Mfunguo Mosi?

Kama hali imezidi, hospitali ipo. Tuache kulitaja jina la Kidongo Chekundu kama tusi. Tunampeleka mtoto mwenye homa bila ya haya, tumpeleke na mwenye moyo unaowaka.

Wazazi wa Tim, Klas Bergling na Anki Lidén, walianzisha mwaka 2019 mfuko kwa jina la mtoto wao, Tim Bergling Foundation, wa kusaidia vijana wenye maradhi ya moyo na kuzuia wasifikie alipofikia yeye. Mwaka 2021 ukumbi mkubwa wa mviringo wa Stockholm ukaitwa Avicii Arena. Ni heshima kubwa, hatuipingi. Lakini kwa kijana aliyechoshwa na majukwaa, sisi tunaona kazi ya wazazi ndiyo kumbukumbu inayomfaa zaidi. Wao wanafanya sasa, kwa watoto wa watu wengine, kazi ya somo.

Sisi hatutaki kungoja msiba ndipo tuianze. Wiki hii, kabla hujapokea oda nyingine, mtafute mtu wako, mkae chini, umwambie kwa maneno: wewe ndiye somo wangu, ukiniona nimezidiwa nifungie mlango. Na ukiambiwa wewe, usikatae kwa kuona haya. Kubali, na siku ikifika, uufunge kweli.

Wabillahi tawfiq.